Mafundi watatu, bei tatu, ufa mmoja: tumlipe nani?

Shikamoo Baba Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Nakuandikia kuhusu nyumba ya mama yetu iliyopo upande wa barabara ya Urambo, pale kiwanja kinapoanza kuteremka kwenda mbugani. Marehemu baba aliijenga mwaka 2009 kwa tofali za kuchoma juu ya msingi wa mawe. Tofali zimeunganishwa kwa udongo, kisha zikapigwa plasta ya saruji. Nyumba ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 9.

Miaka minne iliyopita ulitokea ufa kwenye kona ya jikoni. Unaanza chini ya dirisha, unashuka kwa ngazi ngazi kufuata tofali mpaka kwenye msingi. Sasa kalamu ya wino inaingia. Mwezi wa kumi unapanuka, na mlango wa jikoni haufungi mpaka usukumwe kwa bega. Ikifika mwezi wa pili unajibana na mlango unafunga vizuri. Kona hiyo ndipo maji ya bati yanapodondokea. Nje yake, kama mita 2, kuna shimo la maji ya bafuni, na kama mita 4 upande wa pili kuna mwembe mkubwa ambao baba aliukuta wakati ananunua kiwanja.

Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza anataka shilingi 900,000 apasue plasta, abandike wavu wa kuku, apige plasta kali na kupaka rangi. Wa pili anataka 4,800,000 azungushe mkanda wa zege wenye nondo nyumba nzima kwa nje. Wa tatu anataka 11,500,000 ashushe msingi wa nyumba nzima kwa mita moja zaidi, upana sentimita 60. Kwenye karatasi yake ameandika saruji mifuko 60, na anasema vijana wake watachimba kuzunguka nyumba yote ndani ya siku mbili. Anataka asilimia 70 mkononi sasa kwa sababu saruji inapanda bei.

Mama yuko tayari kukopa kwenye kikoba chake. Baba mdogo anasema tukate mwembe, mambo yaishe. Wadogo zangu walioko Dar es Salaam wanapoona bei inatoka laki tisa hadi milioni kumi na moja na nusu wanadhani mimi ndiye ninayewazungusha, na hilo linaniuma kuliko ufa wenyewe. Kwa nini bei zinapishana hivi kwa nyumba moja? Na yupi anasema kweli?

Mtoto wa kwanza, Tabora

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huo. Nimefanya kazi ya ufundi sanifu majengo kwa miaka mingi, na nimeona ndugu wakinuniana kwa sababu ya nyufa zaidi ya mara moja, kwa hiyo nitakujibu kwa namba ambazo unaweza kuwatumia wadogo zako jinsi zilivyo.

Kwenye barua yako kuna jambo moja ambalo, kwa bei walizotoa, hakuna fundi hata mmoja kati ya hao aliyelishughulikia. Ufa unapanuka mwezi wa kumi na kujibana mwezi wa pili. Nyumba iliyokaa juu ya udongo mwekundu wenye changarawe haifanyi hivyo. Huo ni udongo mweusi wa mbugani, ule ambao kiangazi unapasuka hadi mtu anatumbukiza mkono ardhini, na mvua zikianza unavimba na kunasa viatu. Ukilowa unanyanyua, ukikauka unashusha. Msingi wa mama yako unapandishwa na kuteremshwa kila mwaka, na kama ungepanda na kushuka sawasawa pande zote, pengine msingegundua kitu. Kona ya jikoni ndiyo inayokwenda peke yake, kwa kuwa shimo la bafuni linailowesha upande mmoja mwaka mzima, bati linaimwagia maji wakati wa mvua, na mwembe unaikausha upande wa pili kiangazi chote.

Wazee wa Unyamwezi walijenga mwinukoni, mbugani wakalima mpunga. Leo viwanja vinapimwa hadi kwenye majaruba, na anayenunua haambiwi kwamba udongo ule unadai msingi wa aina nyingine. Simlaumu baba yako. Alijenga kama watu wote walivyojenga.

Sasa tuje kwenye bei. Zinapishana kwa sababu kila fundi amekutajia bei ya kazi tofauti. Wa kwanza anauza plasta, wa pili anauza mkanda, wa tatu anauza msingi mpya. Hakuna aliyekuambia tatizo ni nini, wala aliyechimba hata shimo moja pale kwenye kona kuangalia msingi umeishia wapi. Bei ya kurekebisha msingi inajengwa kwa mambo mawili: chanzo cha tatizo, na mita. Urefu, upana, kina. Fundi akikutajia mamilioni bila mita, muombe kwa heshima arudi na mita.

Huyo wa kwanza nitampitia haraka. Plasta kali ya saruji juu ya ukuta uliounganishwa kwa udongo ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, na mwezi wa kumi ufa utapasuka tena pembeni ya kiraka. Kazi yake si ya kutupa, ila ni ya mwisho kabisa, udongo ukishatulia.

Wa pili naye nisimdharau. Mkanda wa zege ukimwagwa juu ya msingi wakati nyumba inajengwa, unazifunga kuta zote zifanye kazi pamoja, na kwenye udongo wa mbugani ni kitu cha lazima. Lakini mkanda unaobandikwa nje ya ukuta wa tofali na udongo, baada ya miaka zaidi ya kumi, unashika nini? Usipoingizwa ndani ya ukuta na kufungwa na kuta za ndani, unabaki kuwa pambo zito lililoegemea ukuta. Na chini yake udongo unaendelea kupanda na kushuka.

Wa tatu ndiye nataka tukae naye kwa muda, maana ndiye anayeweza kuiangusha nyumba.

Chukua karatasi. Nyumba ya mita 10 kwa 9 ina mzunguko wa mita 38. Upana wa sentimita 60, kina cha mita moja: 38 mara 0.6 mara 1 ni mita za ujazo 22.8 za zege. Zege ya kawaida ya msingi, saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, inakula kama mifuko 6 na nusu ya kilo 50 kwa kila mita moja ya ujazo. Zidisha: mifuko 148. Yeye ameandika 60, na hapo hatujagusa kuta za ndani ambazo nazo zina msingi. Mifuko 60 inatoa kama mita za ujazo 9, na ukizisambaza kwenye mzunguko wote unapata zege ya sentimita 40 tu. Kwa hiyo ama atashusha msingi nusu ya alichokuahidi, ama atakuchanganyia mchanga mwingi na saruji ya kunusa, ama katikati ya kazi atakuambia pesa imeisha huku nyumba ya mama ikiwa wazi chini. Simwiti mwizi. Huenda hajawahi kupiga hesabu hii. Ila matokeo kwa mama ni yale yale.

Kingine ni kuchimba. Tuchukulie msingi wa sasa umeishia sentimita 80: ili mtu ashuke mita moja zaidi, yaani mita 1.8, na kupata nafasi ya kufanya kazi, anahitaji mtaro wa upana wa kama mita moja nje ya ukuta, ukiongeza na ule udongo wa kuondolewa chini ya msingi wenyewe. Kwa mzunguko wote ni zaidi ya mita za ujazo 90, karibu safari 13 za tipa ya mita 7. Hapa ndipo fedha ya msingi inapokwenda, na watu hawalioni hilo kwa sababu macho yote yako kwenye bei ya saruji. Unachimba mara nne ya zege unayomwaga. Kisha kuna mirunda ya kuegemeza kuta, mbao, maji ya kuchanganyia, kifusi cha kubeba, moramu ya kurudishia (udongo mweusi usirudishwe kwenye mtaro), plasta upya na rangi. Ukiona karatasi ya fundi haina vitu hivyo, jua vitakuja baadaye kwa jina la dharura.

Na ile ya kuchimba kuzunguka nyumba yote ndani ya siku mbili, mwanangu, naomba isitokee. Ukuta ukikosa pa kukanyagia kwa urefu wake wote unashuka wote, na vijana wako mtaroni. Msingi hushushwa kwa vipande vya mita moja hivi, visivyopakana. Unafungua cha kwanza na cha nne, unamwaga zege, unaacha pengo la kama sentimita 7 chini ya msingi wa zamani. Zege ikishika unalijaza kwa mchanganyiko mkavu wa saruji 1 na mchanga 3, unashindiliwa kwa nguvu mpaka unabana. Zipite siku mbili, ndipo ufungue cha pili na cha tano. Hatimaye cha tatu na cha sita. Ni kazi ya subira, na subira hiyo ina posho ya mafundi ndani yake. Ndiyo maana kushusha msingi kwa usahihi ni ghali, na anayekuuzia kwa haraka anakuuzia kitu kingine.

Je, mnahitaji kushusha msingi? Bado sijui, na wao pia hawajui, kwa sababu hakuna aliyeangalia chini. Lakini najua nini kianze.

Kwanza maji. Mweke gata pande zote mbili za bati, na maji yake yapelekwe mbali na ukuta, kwenye tangi kama mama anaweza, maana maji Tabora hayakatai kuhifadhiwa. Shimo la bafuni lihamishwe angalau mita 5 au 6 kuelekea mteremkoni, na lile la zamani lizibwe kwa moramu iliyoshindiliwa. Kagua bomba la jikoni: funga koki zote usiku, soma mita ya maji, usome tena alfajiri, namba ikisogea kuna bomba linavuja ardhini. Kisha mwageni zege kuzunguka nyumba, upana mita moja, unene sentimita 7 na nusu, ikiteremka sentimita 5 kutoka ukutani kwenda nje, na ikatwe kila baada ya mita 2 ili ikisogea isipasuke ovyo. Pamoja na kona ni mita za mraba 42, mita za ujazo zipatazo 3.2, yaani mifuko 21 ya saruji. Hii kazi fundi wa kawaida anaiweza. Haya yote yafanyike kiangazi hiki, kabla ya mvua za Novemba.

Mwembe usiukate. Najua baba mdogo anasema kwa nia njema. Lakini mti huo ni mkubwa kuliko nyumba kwa umri. Udongo chini yake umezoea kunyonywa tangu kabla ya msingi kuchimbwa. Ukiukata ghafla, maji yaliyokuwa yakinywewa yanabaki ardhini, udongo unavimba, na kona iliyokuwa inashuka inaanza kunyanyuliwa kwa miaka kadhaa. Upunguzeni matawi kiasi, msimu hadi msimu. Na mama aendelee kula maembe yake.

Pili, pimeni ufa. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zake zote mbili na uandike tarehe ukutani. Pigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kwa rula kila tarehe mosi. Andika kwenye daftari. Kalamu ya wino ina kama milimita 8. Kwa mizani wanayotumia watafiti wa majengo wa Uingereza, ufa wa chini ya milimita 5 kwa kawaida ni wa kuziba na kupaka rangi. Kati ya 5 na 15 milango na madirisha huanza kukwama, kama mlivyoona. Kati ya 15 na 25 sehemu ya ukuta inaweza kudai kuvunjwa na kujengwa upya. Ukizidi 25 nyumba ina hatari. Mama yuko daraja la kati. Ni jambo zito, lakini halijafika pa kukopa kwa hofu.

Tatu, shimo la majaribio. Vijana wawili, siku moja, wachimbe shimo la mita moja kwa mita moja pale kwenye kona, nje ya ukuta, kina mita 1.5 hadi 2, na likishakaguliwa lijazwe. Walitazame watu wawili: wewe, na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ulizia kwenye ofisi ya mhandisi wa manispaa, na hapo hapo ulizia kuhusu kibali cha ukarabati. Utaona msingi umeishia wapi, udongo mweusi unakwenda hadi kina gani, na maji ya bafuni yamefika au hayajafika. Unyevu wa msimu kwenye udongo wa aina hii mara nyingi unapanda na kushuka hadi kina kinachozidi mita moja, na mahali pengine unapita mita mbili. Msingi ulioishia sentimita 80 unakuwa ndani ya sehemu inayocheza. Fedha ya mhandisi itawauma wadogo zako kwa sababu haionekani ukutani. Waambie hiyo ndiyo inayoamua kama zile milioni zinahitajika au hazihitajiki.

Tuseme mhandisi ameona kona ishushwe. Si lazima iwe nyumba nzima, ingawa yeye ndiye aseme, kwa sababu kona moja ikishikwa sana na nyingine zikaachwa zicheze, ufa unaweza kuhamia mahali pengine. Tuchukue mita 3 kila upande wa kona, jumla mita 6. Upana na kina kama vya fundi wako: mita za ujazo 3.6 za zege, mifuko 24, na mingine 3 ya kujaza lile pengo. Mchanga kama mita 1.6 za ujazo, kokoto mara mbili yake. Kuchimba, mita za ujazo 14 na kidogo. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa upotevu. Nenda na namba hizo dukani na kwa wenye tipa, uweke bei za leo mwenyewe. Ukimaliza hapo, weka kando asilimia 15 hadi 20 ya jumla yote, kwa sababu ardhi ikifunguliwa huwa na habari yake. Ukilinganisha fundi wa mtaani na mkandarasi aliyesajiliwa, kumbuka kuuliza kama bei ya mkandarasi ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ndani yake au iko nje.

Vipimo vya kuchanganya uvijue pia, maana utakuwa umesimama pale. Mfuko mmoja wa saruji ni kama lita 35, yaani ndoo ya lita 20 moja na robo tatu. Kwa hiyo kila mfuko unakwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Ukiona sepeto zinahesabiwa kwa macho, simamisha.

Kuhusu malipo, asilimia 70 usitoe, hata kwa fundi mzuri. Ni zaidi ya milioni 8 kwa mtu ambaye hajachimba. Nunueni vifaa wenyewe, mlipe ufundi kwa kila awamu ya vipande iliyokamilika na kukaguliwa, na asilimia 10 ibaki mpaka mvua za msimu mmoja zipite. Na saruji isinunuliwe leo kwa kazi ambayo haijaamuliwa. Itakaa stoo, itavuta unyevu, itagandamana.

Mama asikope kikoba kwa sasa. Kiangazi hiki kina kazi ya gata, shimo la bafuni na zege ya kuzunguka nyumba, na hiyo ninyi wanne mnaweza kuichanga bila riba. Watumie wadogo zako picha ya karatasi ya fundi wa tatu, ukiweka pembeni hesabu ya mifuko 148. Nadhani watajua ulikuwa unawalinda.

Ila leo jioni kabla ya yote, hamisha jiko la mama kutoka kwenye kona ile, na kama kuna wajukuu wanaolala upande wa pili wa ukuta huo, kitanda chao kivutwe mbali. Ufa ukikua zaidi ya milimita 2 ndani ya mwezi mmoja, au ukuta ukianza kuegemea, egemezeni mirunda siku hiyo hiyo na mhandisi aitwe bila kusubiri. Vinginevyo niandikie mwezi wa kumi, ukiwa na namba za misumari.